Kwikwi ya baba mkwe baada ya dripu za kemo: ndiyo dalili ya mwisho?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa Rungwe, upande wa Tukuyu. Ni mama wa watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo: leo yuko Tunduma, kesho Dar, keshokutwa ameshavuka kwenda Zambia. Nyumbani nimebaki na watoto na baba mkwe. Mama mkwe alishatangulia mbele za haki.

Baba mkwe ana miaka 67. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba ugali unamkwama kifuani, sisi tukadhani ni vidonda vya tumbo. Hata ndizi za kupondwa zilipoanza kumshinda ndipo alipopelekwa Mbeya, wakampima kwa ule mpira wenye kamera, wakasema ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Tangu hapo kila baada ya wiki 3 anasafiri kwenda Dar es Salaam kwa dripu za kemo. Ameshapata nne. Namshukuru Mungu, uji na supu sasa vinapita.

Kinachonisumbua ni kwikwi. Baada ya dripu ya kwanza ilimshika kidogo tu, watoto wakacheka wakisema Babu anatajwa. Ya pili ikachukua siku nzima. Ya tatu siku mbili. Hii ya nne imechukua siku nne, usiku na mchana, ikipumzika ni dakika chache inaanza tena. Nilihesabu kwa saa ya simu nikapata mara 15 kwa dakika moja. Ninalala chumba cha pili na naisikia ukutani. Hawezi kula kwa sababu kijiko kikifika mdomoni kwikwi inakuja, uji unamwagika kifuani. Anaona aibu, anageukia ukutani.

Tumejaribu yote tunayoyajua. Shangazi yake mume wangu alimbandika uzi uliolowanishwa kwenye paji la uso kama mtoto mchanga. Jirani alimwambia anywe maji akiwa ameinama, akapaliwa mpaka tukaogopa. Mwingine alimgongea sufuria nyuma ya mgongo ili ashtuke. Hakuna kilichosaidia. Ndipo yule shangazi akatoka nje, akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulimsikia, kwamba kwikwi ya mgonjwa wa namna hii ni roho inajitayarisha kuondoka. Akapiga simu Kyela. Kesho yake baba mdogo akafika na gunia la mchele. Baba mkwe alikuwa amekaa mlangoni anaota jua. Akalitazama lile gunia likishushwa kwenye bodaboda, akaniuliza, "Mama, mchele huu ni wa nini?" Nikashindwa kujibu. Nilikwenda jikoni nikalia.

Siku ya tatu ya kwikwi nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliniambia, "Kwikwi tu hiyo mama, itaisha yenyewe." Kesho yake tulirudi, tukakuta mwingine, akaandika klopromazini. Muuza duka la dawa aliposoma cheti alicheka, akaniuliza kama nyumbani kuna kichaa. Nilinunua lakini sijampa. Ipo kabatini. Dawa anazotoka nazo Dar ni hizi, nakunakilia kutoka kwenye bahasha zake: deksamethasoni 1x2 siku 3, ondansetroni 1x2 siku 3, metoklopramidi 1x3 akisikia kichefuchefu, na omeprazoli 1x1.

Kwikwi ilikoma yenyewe juzi. Dripu ya tano ni baada ya siku 10, na baba mkwe amesema haendi. Amesema afadhali saratani kuliko kwikwi.

Shangazi, naomba unijibu. Je, ni kweli hii ni dalili ya mwisho? Aache dripu? Ile dawa nimpe? Na jambo jingine ambalo naona haya kulisema: sisi kwetu mkamwana na baba mkwe wana mipaka yao. Kumuinua, kumpiga piga mgongo, kumfuta kifua, siwezi, na yeye mwenyewe hakubali. Usiku anapohangaika nabaki nimesimama nje ya mlango wake na taa mkononi. Nifanyeje?

Mkamwana, Rungwe


Marahaba mwanangu, na pole. Ndaga kwa barua yenye kila kitu ndani yake, mpaka maandishi ya kwenye bahasha za dawa. Hayo maandishi ndiyo yamenisaidia kuliko yote.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwikwi ya baba mkwe, kwa jinsi ulivyoieleza, inakuja na dripu na inaondoka na dripu. Roho inayojitayarisha kuondoka haifuati kalenda ya kliniki. Simlaumu shangazi mtu. Wapo wagonjwa ambao mwishoni kabisa figo au ini vinashindwa kazi, uchafu unajaa kwenye damu, na kwikwi inawashika, na ndugu waliokaa nao hawasahau sauti ile. Imani yake ametoka nayo huko. Lakini hiyo ni sababu moja kati ya nyingi, na kwikwi peke yake haitabiri kifo cha mtu. Kuna Mmarekani mmoja, Charles Osborne, alishikwa na kwikwi mwaka 1922 akiwa anajaribu kumpima nguruwe uzito, na ikaendelea mpaka 1990. Miaka 68. Katika miaka hiyo alioa na akazaa watoto.

Sasa kwikwi yenyewe ni nini. Chini ya mapafu, juu ya tumbo, kuna msuli mpana uliokaa kama ungo uliofunikwa. Unaitwa kiwambo. Ukijivuta kwenda chini tunavuta pumzi, ukilegea tunaitoa. Kwikwi ni msuli huo kujivuta ghafla bila ya kuamriwa. Hewa inaingia kwa kasi, na kilango cha sauti kooni kinajifunga pa! Ndiyo ile sauti. Mishipa ya fahamu inayouendesha msuli huu ni mirefu: mmoja unatoka shingoni, unapita kifuani, unashuka mpaka kwenye kiwambo, mwingine unatoka kwenye ubongo, unaandamana na umio mpaka tumboni. Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Ukiigusa popote, mwanzoni, katikati au mwishoni, nguo zote zinatikisika. Ndiyo maana tumbo lililojaa gesi linaleta kwikwi, kiungulia kinaleta, uvimbe unaosukuma umio unaleta, homa ya mapafu inaleta, chumvi ya mwili ikishuka inaleta, na dawa nazo zinaleta.

Na hapa ndipo nataka tukae, kwenye dawa. Deksamethasoni hupewa wagonjwa wa kemo ili kuzuia kutapika, na ni dawa nzuri sana kwa kazi hiyo. Lakini ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuleta kwikwi, na cha ajabu inawashika wanaume zaidi kuliko wanawake. Kama ndani ya dripu zake kuna sisplatini, moja ya dawa za kemo, nayo inajulikana kwa kwikwi, na zikikutana mbili hizo mzee wa kiume ana kila sababu ya kupata kwikwi kuanzia siku ya dripu au usiku wake. Kwa kawaida ikisababishwa na dawa hupoa siku chache baada ya vidonge kuisha. Yake iliisha juzi, si ndiyo? Na hapakuwa na uzi wala sufuria iliyoikomesha.

Kwa hiyo katika kliniki ya Dar kuna sentensi moja ambayo lazima isemwe kabla hajachomwa sindano ya dripu ya tano: "Baada ya kila dripu baba anapata kwikwi, na ya mwisho ilikaa siku 4, hakula wala hakulala." Daktari akisikia hivyo ana mambo ya kufanya. Anaweza kupunguza kipimo cha deksamethasoni. Anaweza kuibadilisha kwa dawa ya jamii yake, methilipredinisoloni, ambayo kwa wengi haileti kwikwi namna hiyo. Anaweza kumpa mapema dawa ya kuzuia kwikwi yenyewe. Ila nakusihi msiikate wenyewe nyumbani. Mkiiacha kimya kimya atatapika, na mwenye umio mgonjwa hafai kutapika. Na mtu aliyeitumia kwa wiki nyingi akiikata ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Jambo dogo mnaloweza kuuliza: 1x2 hiyo mnampa saa ngapi? Kama kidonge cha pili anameza usiku, ulizeni kama kinaweza kusogezwa mchana, baada ya chakula. Deksamethasoni ya usiku inakesha na mtu hata bila ya kwikwi.

Sasa ile iliyoko kabatini. Muuza duka amekosea kukucheka, na amekosea zaidi kumtia mgonjwa aibu asiyostahili. Klopromazini ni kweli inatumika kwa wagonjwa wa akili, na pia ni dawa ya miaka mingi ya kwikwi sugu, inayokubalika duniani kote. Aliyeiandika hakukosea kuijua. Lakini umefanya vizuri kutompa, mwanangu, kwa sababu nyingine ambayo muuza duka hakuitaja. Tazama tena orodha yako: kuna metoklopramidi. Hizi mbili zinafanya kazi mahali pamoja kwenye ubongo, na zikipewa pamoja mtu anaweza kukakamaa shingo, taya likajipinda, mikono ikatetemeka, ndugu wakadhani ni kifafa au amerogwa. Halafu kuna ondansetroni. Hiyo na klopromazini zinaweza kusumbua mapigo ya moyo. Na klopromazini inashusha presha na kuleta usingizi mzito. Mzee wa miaka 67 ambaye hajala siku nne akisimama ghafla kwenda chooni usiku anaanguka. Je, yule aliyeandika aliziona zile bahasha? Kama mlikwenda na mgonjwa tu bila ya dawa zake, hakuwa na namna ya kujua. Tangu leo zile bahasha zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja na mfuko huo usibaki nyumbani mnapokwenda kutibiwa, hata kama ni zahanati ya hapo jirani.

Daktari akishaona zote, anaweza kusema klopromazini itumike na nyingine isimame. Anaweza kuchagua baklofeni, ambayo inalegeza msuli, ila hiyo inataka figo zipimwe kwanza. Anaweza kuchagua gabapentini. Na metoklopramidi yenyewe, mnayompa akisikia kichefuchefu tu, inasaidia kwikwi inayotokana na tumbo lisilotaka kushusha chakula, kwa hiyo huenda daktari akasema aimeze kwa saa maalumu. Uchaguzi ni wake, lakini uende ukijua kwamba dawa zipo. Usikubali tena kuambiwa "itaisha yenyewe".

Neno hilo linaniuma kwa sababu nami nimewahi kulisema. Nilikuwa muuguzi kijana, zamu ya usiku, wodi ya wanaume, huku Iringa. Kitanda cha pembeni alilazwa mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Kwikwi ilimshika. Kitanda kilikuwa cha chuma na kila kwikwi kililia, kwii, kwii, na wagonjwa wenzake wakaanza kunung'unika. Mzee yule akawa anajifunika blanketi mdomoni ili asiwasumbue. Nilimwambia, itaisha babu. Siku ya pili nilimwambia vile vile. Siku ya tatu daktari alipopita aliligonga tumbo lake kwa vidole, likatoa sauti kama ngoma. Akaagiza mpira upitishwe puani mpaka tumboni. Ulitoka uchafu wa kijani, ukajaa chombo, tukabadilisha kingine. Hata saa moja haikupita kwikwi ikakoma, na mzee akalala hapo hapo huku tunafuta sakafu. Siku tatu tumbo lake lilikuwa linaniambia na mimi namjibu itaisha. Kwa hiyo kwa niaba ya yule muuguzi mwenzangu wa kituo chenu, nakuomba radhi mimi.

Hadithi hiyo inanirudisha kwenye swali ambalo barua yako haikuligusa: choo. Anapata choo? Ondansetroni inafunga, kutokula kunafunga, kulala muda wote kunafunga. Tumbo lililojaa linasukuma kiwambo kutoka chini. Muulizeni, au mume wako amuulize kwa simu kama wewe huwezi, na kama zimepita siku 3 bila ya choo, daktari aambiwe pamoja na habari ya kwikwi.

Nyumbani, siku za kwikwi, mambo mengi ni ya kuacha kuliko ya kufanya. Acheni maji ya kunywa kwa kuinama. Mwenye umio uliobanwa akipaliwa, maji yanaingia mapafuni, na kwake hiyo ni hatari kuliko kwikwi. Acheni kumshtua. Asibonyezwe macho wala kuvutwa ulimi, kama wengine wanavyofundishana, na asivikwe mfuko wa plastiki usoni kwa jina la kupumulia ndani. Kijiko cha sukari kinachomezwa kikavu kinawasaidia wengi wenye koo zima. Kwake kinaweza kukwama, na deksamethasoni tayari inapandisha sukari ya damu. Ndimu na siki zitamchoma kama kemo imemtoa vidonda mdomoni. Uzi wa kwenye paji la uso haudhuru, lakini mtu mzima aliyeumwa hivyo hapendi kufanywa mtoto mbele ya wajukuu. Uondolewe.

Akae wima. Hilo ni la kwanza. Akila akae wima, na baada ya kula abaki hivyo karibu saa moja kabla ya kulala. Usiku, kichwa na mgongo vyote viinuke, si kichwa peke yake. Wekeni matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Chakula kiwe kidogo na cha mara nyingi, nusu kikombe badala ya bakuli. Kile kipindi cha dakika chache ambacho kwikwi inapumzika ndicho cha kumlisha, kwa hiyo uji uwe tayari kwenye chupa, msianze kukoka moto wakati huo. Ile ya kuvuta pumzi, kuibana hesabu ya kumi na kuiachia polepole ajaribu mara tatu nne, mradi kifua hakimbani. Kuvuta magoti mpaka kifuani akiwa ameketi kunawasaidia wengine. Maji ya baridi kidogo, tone kwa tone, kwa kijiko.

Soda aache, na pombe aache. Huku kwetu wapo wanaosema ulanzi, ile pombe ya mianzi, unashusha kwikwi, wakati ulanzi wenyewe una gesi na ndio unaoichochea. Pilipili nayo ipumzike. Chai ya mnanaa inawatuliza baadhi ya watu, lakini inalegeza mlango wa tumbo, mwenye kiungulia inamzidishia, na inavutana na ile metoklopramidi, basi yeye asiinywe. Na kwa kuwa mko Rungwe, kwenye mashamba ya chai, niseme na hili: chai isinywewe ikiwa inaunguza. Tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na ukanda wetu huu wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia kushuka mpaka Malawi, ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza duniani kwa ugonjwa huo. Kwa baba mkwe ni kwa ajili ya koo lake la sasa. Kwa wanao ni kwa ajili ya kesho. Acheni kikombe kipoe.

Ule mchele wa Kyela nao upikwe. Usage kidogo utengeneze uji laini, uchuje, upoe, apewe yeye wa kwanza. Akiuliza tena gunia lilikuwa la nini, mwambie ni chakula chake. Na shangazi mtu aelezwe, na mume wako, si na wewe, kwamba mgonjwa anasikia kila kitu kinachosemwa nje ya mlango.

Kuhusu mipaka ya mkamwana. Sitakuambia uivunje. Hiyo ni heshima yenu, na mgonjwa aliyenyang'anywa nguvu zake asinyang'anywe na heshima. Lakini heshima isimwache mzee peke yake usiku. Mkubwa wako wa kiume ana miaka mingapi? Mjukuu wa miaka kumi na zaidi anaweza kulala chumbani kwa Babu, akamsogezea mto, akamfuta kifua, akakuita wewe uliye mlangoni na taa. Mfundishe mchana jinsi ya kuweka mto nyuma ya kiuno ili Babu ajiegemeze mwenyewe. Na siku za dripu, ambazo mnazijua tarehe zake wiki 3 kabla, mume wako aombe kazini apangiwe safari za karibu, au yule baba mdogo wa Kyela aje tena, safari hii bila ya gunia. Kazi yako wewe mwanangu ni uji, mfuko wa dawa na daftari. Usidharau daftari: saa kwikwi ilipoanza, ilipoisha, alikula nini, amemeza nini saa ngapi, alipata choo, alilala saa ngapi. Ukurasa mmoja wa hivyo mbele ya daktari mwenye foleni ndefu unasema zaidi ya maelezo ya nusu saa.

Kuna hali ambazo hamsubiri kliniki. Kwikwi ikipita saa 48, hata kama inapumzika dakika chache, mpelekeni hospitali. Hiyo ya siku 4 ilishavuka mpaka huo. Msisubiri hata hizo saa 48 kama ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, maana aliye kwenye kemo kinga yake iko chini na homa kwake ni dharura hata usiku wa manane. Hali kadhalika akitapika mfululizo au akashindwa hata maji, tumbo likivimba, kifua kikimuuma, pumzi ikimpaa, mkojo ukipungua sana, akianza kuchanganyikiwa, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, au akitapika damu au kupata choo cheusi. Huo mkojo nautilia mkazo kwa sababu sisplatini inaweza kuzigusa figo, na figo zikichoka kwikwi inakuja kwa mlango mwingine kabisa. Hapo daktari atataka damu ipimwe figo na chumvi za mwili.

Kama hospitali mnayokwenda ina huduma ya tiba shufaa, ombeni kuonana nao. Watu wanadhani ni huduma ya wanaokufa. Kazi yao ni kuondoa mateso, maumivu, kichefuchefu na kwikwi hii hii, wakati matibabu mengine yakiendelea.

Limebaki la kuacha dripu. Mpe baba mkwe haki yake: siku nne bila ya usingizi zinaweza kumfanya mtu yeyote aseme alivyosema. Asibishiwe. Mwanawe ampigie simu, amwambie hivi: "Baba, madaktari hawajajua habari ya kwikwi, kwa sababu hatukuwaambia. Twende tukawaambie, wabadilishe ile dawa, halafu utaamua." Uji na supu vinapita leo kwa sababu ya zile dripu nne. Akiacha, aache kwa sababu amezungumza na daktari akaamua, asiache kwa ajili ya kidonge ambacho huenda kinaweza kubadilishwa. Na simu ya kliniki iko kwenye kadi yake. Pigeni kesho asubuhi, msisubiri zile siku 10, ili mfike Dar mpango ukiwa tayari.

Niandikie baada ya dripu ya tano. Nataka kujua wamesema nini kuhusu deksamethasoni, na amelala saa ngapi usiku wa kwanza.

Shangazi